Sare ya Msumarini



Leo nataka tuzungumze habari ya pesa ndogo. Sisemi zaka; zaka ina hesabu zake na wanaojua kuieleza wapo. Nasema ile mia tano, ile elfu, ile elfu mbili inayobaki jioni ukishatoa kodi ya fremu, luku, uzi na chakula cha nyumbani. Ile ambayo ukiiacha kwenye mkoba, kesho asubuhi haipo na huwezi kusema imekwenda wapi.

Mie ni fundi cherehani. Nimezaliwa Unguja, na aliyenilea ni bibi yangu, Jang'ombe. Nikamaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hatutayazungumza hapa, nikasoma ushonaji mwaka mmoja, nikaolewa, nikaletwa Dar es Salaam, Mbagala. Nina fremu ya chumba kimoja upande wa Charambe, wilaya ya Temeke, cherehani mbili za miguu, moja ya umeme, na ovaloki niliyoinunua kwa pesa za mchezo. (Mchezo ndio upatu, kwa nyie wa nyumbani. Na skuli huku ni shule, nishazoea.) Nina wasichana wawili wanaojifunza kazi kwangu, na ikifika Januari naongeza wa tatu, kwa sababu Januari ndiyo mwezi wa sare.

Bibi yangu alikuwa akishona kofia za viua. Kofia moja humchukua miezi, na bei yake haikuwahi kulingana na macho aliyoyamalizia pale. Lakini pesa ikimfika mkononi, kabla hata ya kununua sukari, anaigawa. Alikuwa akizifunga kwenye pindo la kanga kama wafanyavyo wazee wetu, ila yeye alikuwa na mafundo mawili. Moja la matumizi. La pili akiliita fundo la watu. Sijawahi kuliona fundo la watu likiwa kubwa, mara nyingine ni ya kununua fungu moja la muhogo tu. Jioni utamwona anajitanda, anakwambia anakwenda kumjulia hali fulani, anarudi baada ya magharibi na lile fundo limefunguliwa. Hasemi kampa nani. Nikimuuliza ananambia, "Wewe kasome."

Nilipoanza kujitegemea nikasema na mie nitakuwa na fundo la watu. Nikanunua kibubu cha mbao, nikakiweka juu ya kabati la vitambaa, kila jioni natia sarafu ya mia tano. Siku ya biashara nzuri natia elfu. Nikajiona nimemrithi bibi. Kumbe nilirithi fundo tu, ile safari yake ya jioni nikaiacha.

Nieleze ilivyokuwa. Mapema mwaka 2023 kina mama wa mtaani kwetu, tuna jumuiya yetu, tulipanga kwenda kutembelea kituo kimoja cha kulea yatima kabla ya Ramadhani. Jambo jema kabisa. Kila mmoja akatoa elfu ishirini: mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kupaka, biskuti za watoto. Lakini wanawake kumi na nane hawawezi kutoka bila sare, mnatujua. Kikachaguliwa kitenge, ukachaguliwa mshono, na fundi ni mie. Kitenge pamoja na ushonaji vikafika elfu thelathini na tano kwa kila mtu. Fanyeni hesabu wenyewe. Laki tatu na sitini za watoto, laki sita na thelathini za migongo yetu. Wakati ule sikuifanya hesabu hiyo, kwa sababu pesa ya ushonaji ilikuwa inaingia kwangu.

Sasa, juu ya kichwa changu pale ninapokaa kwenye cherehani kuna msumari, na msumarini palikuwa na sare nyingine. Sketi ya bluu ya marinda, shati jeupe na mtandio mweupe, ya mtoto wa darasa la kwanza. Bei yake elfu ishirini na mbili. Mama yake alitanguliza elfu kumi, zikabaki elfu kumi na mbili. Desturi yangu, na nadhani ya mafundi karibu wote, nguo haitoki mpaka pesa imemalizika. Nimeumizwa mno na "nitakuletea jioni". Kwa hiyo wakati wote fremuni kwangu zipo nguo nne tano za namna hiyo, zinakusanya vumbi, na mwisho macho yanazizoea.

Nataka kusema jambo hapa kwa wale wasio na watoto wadogo. Serikali ilitoa waraka mwishoni mwa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 ada ikaondoka kwenye shule za serikali mpaka kidato cha nne. Ni nafuu kubwa, nani asiyejua. Lakini sare, viatu, begi, madaftari na kalamu vimebaki kwa mzazi, na mie ndiye ninayewaona wazazi Januari wakisimama mlangoni kuuliza bei, wakaondoka, wakarudi kesho kuuliza bei ileile kama vile huenda imepungua usiku. Mwenye watoto watatu anamshonea mkubwa, wa kati anavaa ya mkubwa ya mwaka jana, mdogo anasubiri. Mwenye mmoja na hana kitu, huyo mmoja ndiye anayesubiri.

Shule zikafunguliwa. Januari ikaisha, Februari ikaingia. Mie chini ya ile sare nashona vitenge vya sadaka.

Asubuhi moja nilikwenda kununua bagia kwa ajili ya chai ya wasichana. Ilikuwa Jumanne, saa nne. Mama wa bagia ndiye mwenye ile sare, na mtoto yupo pembeni yake anachana magazeti ya kufungia. Nikamuuliza mtoto, kwa mzaha tu, "Leo shule hamwendi?" Akanijibu kwa adabu sana: "Bado sare yangu, mama kasema iko kwa fundi."

Siku ya kupimwa alipimwa na msichana wangu, hakunijua kama fundi ndiye mie. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwalimu wala hakumkataa. Mama mwenyewe ndiye aliyeona haya kumpeleka na gauni la nyumbani, watoto wenziwe wamcheke.

Nikarudi mbio. Nikaishusha sare, nikaipangusa, nikaipiga pasi, nikaikunja kwenye mfuko. Moyo umenijaa, natembea nataka kulia. Nikafika penye karai, wateja kama sita wamesimama, bodaboda watatu. Nikasema, na sauti yangu wanaonijua wanaijua: "Mama, chukua sare ya mtoto. Hizo elfu kumi na mbili nimekusamehe, ni sadaka."

Akageuza bagia zake. Hakunitazama. "Dada fundi, mimi nadaiwa, sijaomba. Nikiwa nazo nitakuja kuichukua."

Khaa! Nilirudi fremuni mikono inatetemeka kwa hasira. Mtu unampa, anakataa! Nikaitundika sare palepale msumarini, kumkomoa nani sijui.

Usiku nikamsimulia mama mkwe. Yeye ni mwenyeji wa Mbagala tangu huku kukiwa mikorosho na minazi, si mtu wa maneno mengi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Walikuwapo watu?" Nikasema walikuwapo. "Ukasema kwa sauti hiyohiyo unayonisimulia mimi?" Nikanyamaza. "Sasa mwanangu, ulikuwa unampa yeye, au ulikuwa unawapa wale wanunuzi wa bagia?"

Akanikumbusha yale ambayo sote tumesomeshwa chuoni tangu wadogo, kwamba sadaka huharibiwa na masimango na maudhi. Na kwamba katika sura hiyohiyo ya al-Baqara, aya ya 280, mdaiwa aliyebanwa na dhiki hungojewa mpaka apate nafuu, na kumwachia kabisa ni kheri zaidi. "Kungoja kumetajwa kwanza," akasema mama mkwe. "Wewe hukungoja, hukuuliza, umerukia kusamehe. Kusamehe kuna sauti."

Sikulala vizuri, wallahi.

Kesho yake baada ya isha nikajitanda, nikaenda kwake. Sare sikuichukua. Nilichukua sukari nusu kilo, kama mtu anayekwenda kumjulia hali mwenzake. Alinikaribisha, ila bila furaha. Tukakaa. Tukazungumza habari za joto, za maji yaliyokuwa hayatoki, za mtoto wa jirani aliyekuwa na degedege. Kidogo kidogo ndipo ikatoka. Mumewe alikuwa amelala chumba cha ndani. Alikuwa dereva wa bodaboda, alivunjika mguu mwezi wa Novemba. Pesa iliyokuwa imalizie sare ilikwenda kwenye dawa, kisha mtaji wa bagia nao ukafuata. Na mafuta ya kula mnakumbuka yalivyokuwa ghali kipindi kile. Hakuwa na ya kununua dumu, ananunua ya kupima, kikombe leo, kikombe kesho, na mwenye kununua kwa kikombe daima ndiye anayenunua kwa bei kubwa. Akishakaanga, faida yote imebaki kwenye karai.

Hapo nikaona hata nilichotaka kumpa sikukijua. Nilidhani shida ni sare, kwa sababu sare ndiyo ninayoiona nikiinua kichwa. Shida ilikuwa mafuta. Ningemsamehe zile elfu kumi na mbili, mtoto angekwenda shule, na mwezi wa tatu angekwama kwenye viatu au kwenye chakula.

Tukapatana hivi. Sare aje kuichukua, deni libaki deni, alipe elfu moja kila Jumamosi. Na mie nimkopeshe elfu ishirini na tano, bila riba, anunue mafuta ya dumu na kunde, alipe anavyoweza. Usiku uleule nilikivunja kibubu. Mlikuwa na elfu thelathini na moja na mia tano. Fikirieni, ndiyo fundo langu la watu zima, miezi ya kuchanga, na limetosha mafuta na kunde, likabaki na chenji.

Kesho akaja fremuni mwenyewe, mchana, kama mteja mwingine yeyote. Nikamfungia sare kwenye mfuko, nikamwandikia risiti ya elfu kumi na salio. Wasichana wangu hawakujua lolote.

Deni la sare alilimaliza lote, aliruka Jumamosi mbili tu. Kila akija noti imekunjwa kwenye kipande cha gazeti kama bagia. La mafuta amelipa elfu kumi na tano. Zilizobaki sijauliza, naye hajasema, na tunasalimiana vizuri.

Safari ya yatima tulikwenda. Watoto walifurahi, siwezi kusema uongo, na ule mchele waliula. Picha tukapiga. Mie nipo mstari wa mbele nimeshika mfuko wa sabuni, nimependeza kwelikweli. Bado ninayo kwenye simu.

Msidhani ukishajifunza jambo basi mambo yananyooka. Mwaka uliofuata habari ilikuwa imeshatembea kwamba kuna fundi anakopesha sare. Januari wakaja. Mmoja alikuja analia, ana yatima wawili wa marehemu dada yake. Sikwenda kwake, kazi zilikuwa nyingi, nikasema huyu machozi yake yanatosha. Nikashona seti nne, kitambaa changu, uzi wangu, na kitambaa chenyewe kilikuwa cha mtaji kwa sababu kibubu kilikuwa kimeshaisha. Wiki mbili baadaye msichana wangu akaziona mnadani zimetandikwa chini zinauzwa, bado zina alama ya chaki yangu kwenye pindo. Sikwenda kugombana. Lakini nililia, kwa sababu kodi ya fremu ilikuwa inadaiwa na nilikuwa sina. Mume wangu hakunisema sana. Aliniuliza tu, "Ukifunga fremu, hao watu utawasaidia na nini?" Mwezi ule kodi alinilipia yeye, na hilo mwanamke mwenye biashara yake halimfurahishi.

Tangu hapo nina mipaka. Pesa ya watu ni iliyomo kwenye kibubu, ikiisha imeisha, hata aje mtu anagaragara. Mtaji siugusi, kwa sababu ndani ya mtaji ule kuna riziki ya wasichana wangu pia, na siwezi kuwa mkarimu kwa pesa yao. Kitambaa cha sare za kibubu nakinunua Kariakoo mwezi wa Novemba, kabla watu hawajajaa na bei haijapanda, na tunazikata siku ambazo kazi hakuna. Na simpi mtu mpaka nimeifanya ile safari ya jioni. Nikifika nyumbani kwa mtu nikakaa nusu saa, nikanywa chai yake, kuna mambo siulizi nayaona. Mara nyingine naona mtu hana shida ya sare kabisa, ana shida ya kadi ya kliniki, au anahitaji mtu wa kumsindikiza ofisi ya serikali ya mtaa, na hiyo haina hata shilingi mia.

Kwenye daftari langu la wateja nimeweka safu moja imeandikwa "baadaye". Wote wanaodaiwa wamo humo, wanaolipa elfu kwa wiki, na wale ambao mie na Mola wangu tunajua hawatalipa. Msichana wangu akilifungua haoni tofauti. Mama mmoja hulipa kwa kazi, ananishonea vishikizo na kupiga pindo kwa mkono, na mkono wake ni mzuri kuliko wangu, sasa namwita hata msimu usio wa sare na namlipa kama fundi.

Wanaopita Ijumaa mlangoni nawapa sarafu kama zamani, hilo halina mjadala. Sitaki mtu asome hapa akasema fundi kasema tusiwape.

Kuna jingine linatuhusu sie kina dada, nalo nililiona kwa msichana wangu mwenyewe. Kila mwezi alikuwa anakosa kazi siku tatu, anasema tumbo. Nikaja kujua tumbo lilikuwapo, lakini kubwa ni kwamba hana pedi na anaogopa kuchafua kiti mbele ya wateja. Pakiti moja ni elfu mbili na kitu. Nauli yake na chakula chake vikitoka, elfu mbili hiyo haipo. Katika bajeti ya 2018/2019 Kodi ya Ongezeko la Thamani iliondolewa kwenye taulo za kike, tukashangilia, na mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Ni kweli kwetu haikushuka, mie nilikuwa nanunua palepale kwa bei ileile, ile nafuu sijui iliishia kwa nani njiani. Basi tunatumia vipande vya flana na pamba vinavyobaki, tunashona pedi za kufua, tabaka tatu, na kishikizo cha kubana pembeni. Kwenye droo ya chini ya kabati zipo muda wote. Kila msichana anayefanya kazi kwangu au anayekuja kupimwa sare ya sekondari anajua droo ipo na haombi ruhusa.

Kwenye jumuiya nilijaribu kusema jambo. Nikasema safari ijayo tuvae baibui tulizonazo, pesa ya kitenge iingie kwenye mchele. Nikaambiwa fundi gani anayekataa kazi. Mmoja akasema mie nimekuwa na ustadhi mwingi. Tukapiga kura, nikashindwa kumi na tatu kwa watano, nikashona vitenge. Kitenge cha rangi ya zambarau, kimetutoa vizuri. Pesa yangu ya ufundi niliitia kibubuni.

Yule mtoto wa bagia sasa yuko darasa la tatu. Alipokuwa anashonewa sketi ile ya kwanza niliiachia pindo la inchi tatu, kama ninavyowaachia wote, maana watoto hawachelewi kurefuka. Juzi alikuja peke yake, sketi kaishika mkononi, kaniambia mama yake kasema lishushwe pindo, na kesho ni shule. Nikamfumulia, nikamshonea upya, nikaipiga pasi, mstari wa pindo la zamani ukabaki unaonekana kidogo. Nikamwambia haina neno, nenda. Akasimama. Akafungua kiganja, ana sarafu ya mia tano, mama kasema nimpe fundi.

Nikaipokea.